Henry Dunant: Mwasisi alifilisika, shirika likabaki

Hapa kwetu si ajabu kuona mradi wa hisani ukizaliwa kwa vigelegele na kufa kimyakimya. Kina mama wa mtaa wanaanzisha kituo cha mayatima. Wazee wa kijiji wanafanya harambee ya kujenga zahanati. Mwalimu aliyestaafu anafungua maktaba ya watoto. Mwaka wa kwanza watu humiminika, hotuba hutolewa na picha hupigwa. Mwaka wa tatu mlango una kufuli na nyasi zimeota kizingitini. Ukiuliza kulikoni, utaambiwa kwamba mwenye mradi alihama, au aliugua, au alikosana na wenzake, au aliandamwa na madeni.

Maneno hayo mawili, mwenye mradi, ndiyo yanayotupasa kuyatafakari. Duka lina mwenyewe na shamba lina mwenyewe. Kituo cha mayatima kilichojengwa kwa michango ya watu wengi, kwa manufaa ya watoto wasioweza kulipa hata senti moja, hakina mwenyewe. Kina wadhamini, kina kamati na kina watumishi. Pale ambapo mtu mmoja anakuwa mwenyekiti, katibu na mwekahazina kwa wakati mmoja, mradi huwa umefungwa shingoni mwake kama hirizi. Akianguka, unaanguka naye.

Walimu wanaolea vyama vya shule, na wanafunzi ambao kesho ndio watakaoongoza vikundi vya vijana na mashirika yasiyo ya kiserikali, hawana budi kulielewa jambo hili mapema. Nami sioni maisha yanayolifunza vizuri zaidi kuliko ya Henry Dunant, raia wa Uswisi aliyeasisi Msalaba Mwekundu. Wengi wetu tunalifahamu jina lake kutokana na somo la historia au mafunzo ya huduma ya kwanza. Wachache ndio wanaojua kwamba mtu huyo huyo aliondolewa katika shirika alilolibuni, na kwamba shirika hilo lilinusurika kwa kuwa halikuwa mali yake.

Dunant alizaliwa mjini Geneva tarehe 8 Mei 1828, katika familia ya wafanyabiashara Waprotestanti walioshika dini. Baba yake alishughulikia mayatima na watu waliotoka gerezani. Mama yake aliwahudumia maskini na wagonjwa. Kwa hivyo kijana huyo hakujifunza huruma vitabuni, bali aliiona nyumbani. Alipotimiza umri wa miaka 18 alijiunga na chama cha kutoa sadaka. Darasani hakung'aa. Akiwa na miaka 21 alilazimika kuacha shule kwa sababu ya alama duni, akaenda kujifunza kazi katika kampuni ya kubadilisha fedha.

Kipaji chake kilikuwa cha kukutanisha watu. Pamoja na marafiki zake alianzisha mikutano ya kila Alhamisi ya kusoma Biblia na kuwasaidia maskini. Mwaka 1852 waliunda tawi la Geneva la Chama cha Vijana wa Kikristo, kinachojulikana hapa kwetu kama YMCA, na mwaka 1855 Dunant alikuwa miongoni mwa waliokutana Paris kuviunganisha vyama hivyo vya nchi mbalimbali. Alikuwa mwandishi wa barua asiyechoka. Alijua kubisha mlango wa mtu asiyemfahamu, na akifunguliwa alijua la kusema.

Hata hivyo, riziki yake aliitafuta katika biashara, na biashara yenyewe ilikuwa Afrika. Mwaka 1853 alitumwa Algeria na kampuni ya Geneva iliyokuwa na makoloni ya Waswisi katika eneo la Sétif. Mwaka 1856 alianzisha kampuni yake mwenyewe ya kulima ngano na kusaga unga, iliyoitwa Mons-Djémila. Hapa msomaji wa Kiafrika ana haki ya kusita kidogo. Ardhi aliyoitarajia Dunant ilikuwa ya watu waliotekwa kwa mtutu wa bunduki, na sisi ambao babu zetu walifukuzwa nyanda za juu ili walowezi walime ngano na chai tunaifahamu biashara ya namna hiyo. Wema wa mtu mahali pamoja haufuti macho yake yasivyoona mahali pengine.

Kampuni ilikwama. Haki za ardhi na maji hazikuwa wazi, na maofisa wa kikoloni wa Kifaransa hawakuwa na haraka ya kumsaidia. Dunant aliamua kuwaruka wote na kumwendea Kaisari Napoleon wa Tatu mwenyewe. Wakati huo Kaisari alikuwa na majeshi yake kaskazini mwa Italia, akipigana bega kwa bega na Wasardinia dhidi ya Waaustria. Dunant aliandika kitabu cha kumsifu mtawala huyo ili amkabidhi, kisha akafunga safari. Ndivyo ilivyokuwa, msomaji mpendwa: safari iliyozaa Msalaba Mwekundu ilianza kama safari ya kutafuta kibali cha biashara.

Jioni ya tarehe 24 Juni 1859 aliwasili katika mji mdogo wa Castiglione, karibu na Solferino. Siku hiyo hiyo majeshi yenye askari wapatao 300,000 yalikuwa yamepambana tangu alfajiri, na inakadiriwa kwamba watu 40,000 hivi waliuawa au kujeruhiwa. Majeruhi walikuwa wakiletwa Castiglione kwa maelfu, makanisa yakajaa, nyua za nyumba zikajaa, na wengine wakalazwa barabarani juu ya majani makavu. Madaktari walikuwa wachache mno. Maji yalikuwepo na chakula kilikuwepo, lakini hapakuwa na watu wa kutosha wa kuvifikisha kwenye midomo ya waliolala chini. Watu walikufa kwa kiu hatua chache kutoka kisimani.

Dunant hakuwa daktari wala askari. Alikuwa mfanyabiashara aliyevaa suti nyeupe. Aliyoyafanya katika siku zilizofuata ndiyo kazi hasa ya kuongoza mradi wakati wa dharura. Aliwakusanya kina mama na wasichana wa mji, akawagawia kazi, akawatuma watoto kuchota maji, akanunua vitambaa na mahitaji mengine kwa fedha zake mwenyewe. Aliwaomba Wafaransa wawaachilie madaktari wa Austria waliokuwa wametekwa, ili nao watibu. Wanawake wa Castiglione walikubali kuwauguza maadui sawa na wenyeji, wakishikilia kwamba wote hao ni ndugu. Waliokuwa wakikata roho aliwaandikia barua za mwisho kwa jamaa zao.

Tuutazame uongozi huo kwa makini. Hapakuwa na katiba, hapakuwa na bajeti, wala hakuna aliyemchagua Dunant. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeona lililohitajika na kuwafanya wengine walione. Uongozi wa aina hii hauna mbadala nyumba inapoungua. Walakini hauwezi kudumu. Hawa waliojitolea walichoka baada ya siku chache, fedha za mfukoni zina mwisho, na majeruhi wengi walikufa hivyo hivyo kwa kuwa hapakuwa na mpango uliotayarishwa kabla ya vita.

Dunant aliliona hilo yeye mwenyewe, na hapo ndipo alipowapita watu wengi wenye huruma. Aliporudi Geneva aliandika kitabu kuhusu Solferino, akakichapisha kwa gharama yake mwaka 1862, nakala 1,600, akazituma kwa watawala, majenerali na watu mashuhuri kote Ulaya. Katika kitabu hicho alieleza vita vyenyewe, kisha mateso yaliyofuata, na mwishowe akatoa mapendekezo. Kila nchi iunde chama cha watu waliojitolea, wafunzwe wakati wa amani, ili vita vikitokea wawe tayari. Mataifa nayo yakubaliane juu ya kanuni ya pamoja itakayovilinda vyama hivyo. Aliigeuza huruma ya wiki moja kuwa pendekezo lililoweza kujadiliwa mezani.

Si wote waliompigia makofi. Florence Nightingale, Mwingereza aliyepata sifa kwa kuwauguza askari katika vita vya Crimea, aliona kwamba vyama vya hiari vingezipa serikali mwanya wa kukwepa wajibu wao wa kuwatunza askari wao. Hoja hiyo ingali na uzito hadi leo, kwani kila mfadhili anapojenga darasa, kuna mtu ofisini anayepumua kwa kuwa hatalazimika kulijenga.

Kitabu kilimfikia mwanasheria mmoja wa Geneva, Gustave Moynier, mwenyekiti wa chama cha ustawi wa jamii cha mji huo. Tarehe 9 Februari 1863 Moynier aliliweka pendekezo la Dunant mbele ya chama chake, na kamati ya watu watano ikateuliwa. Wajumbe walikuwa Moynier, Jenerali Henri Dufour, madaktari Louis Appia na Théodore Maunoir, na Dunant aliyekuwa katibu. Walikutana kwa mara ya kwanza tarehe 17 mwezi huo huo. Kamati hiyo ndogo ndiyo iliyokuja kuwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu.

Katika chumba hicho kimoja zilikutana aina tatu za uongozi. Dufour, mzee wa miaka 75, alikuwa jenerali aliyeongoza jeshi la shirikisho katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uswisi mwaka 1847, akasifika kwa kuwahurumia walioshindwa. Kazi yake ilikuwa kuukopesha mradi heshima yake. Serikali zilipoona jina lake zilifungua barua. Moynier alikuwa mtu wa utaratibu: ajenda, kumbukumbu, vifungu vya sheria, hatua moja baada ya nyingine. Dunant naye alikuwa mlinganiaji, mtu wa kuwasha moto popote apitapo. Lau angekosekana mmoja wa watatu hawa, sidhani kama tungekuwa na cha kusimulia leo.

Mwaka huo haukwisha kabla ya Dunant na Moynier kugongana. Mnamo Septemba 1863 Dunant alikwenda Berlin kwenye kongamano la takwimu, ambako alishauriana na daktari wa kijeshi wa Uholanzi, Johan Basting. Pasi na kuwauliza wenzake, alichapisha waraka ulioongeza jambo ambalo kamati haikuwa imelipitisha: kwamba majeruhi, madaktari na wauguzi wahesabiwe kuwa hawana upande, wasishambuliwe na yeyote. Aliporejea Geneva alipokewa kwa ubaridi. Moynier aliona kwamba katibu alikuwa amedai lisilowezekana na kuuhatarisha mradi mzima.

Ni nani aliyekuwa na haki? Kwa kanuni za kamati, Moynier. Katibu hana ruhusa ya kutangaza sera mpya kwa jina la wenzake, na mwalimu yeyote mlezi wa chama angemkemea mwanafunzi aliyefanya hivyo. Ila kwa yaliyotokea baadaye, Dunant. Mkutano wa Oktoba 1863 mjini Geneva uliliunga mkono wazo hilo, na tarehe 22 Agosti 1864 wajumbe wa mataifa 12 walitia sahihi Mkataba wa kwanza wa Geneva, ambao kiini chake kilikuwa kinga kwa majeruhi na wanaowahudumia. Alama ya msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe, rangi za bendera ya Uswisi zikiwa zimegeuzwa, ikatambuliwa. Lililoitwa muhali mwaka mmoja likawa sheria mwaka uliofuata.

Hata hivyo, aliyeufanya muhali huo uwe sheria ni Moynier. Maono ya Berlin yangebaki karatasi kama pasingekuwa na mtu wa kuyaandika kifungu kwa kifungu. Katika mkutano wa 1864 Dunant alipewa kazi ya kuwakirimu na kuwaburudisha wageni, huku majadiliano yakiendeshwa na wengine. Alikuwa amekwisha kusogezwa pembeni ya meza aliyoitandika mwenyewe.

Muda huo wote kampuni ya Algeria ilikuwa ikizama. Dunant alikuwa amewashawishi jamaa na marafiki waweke fedha zao humo, naye muda wake ukaishia kwenye safari za Msalaba Mwekundu. Mwaka 1867 benki moja ya Geneva aliyohusika nayo ilianguka, naye akafilisika. Mwaka 1868 mahakama ya biashara ya mji huo ilimtia hatiani kwa udanganyifu katika kufilisika huko. Madeni yake yalikaribia faranga milioni moja. Katika Geneva ya enzi hizo, mji wa wenye benki wacha Mungu, kufilisika kulikuwa fedheha isiyosafishika. Alijiuzulu ukatibu, kisha akaondolewa kabisa katika kamati. YMCA nayo ilimpa kisogo. Aliuacha mji aliozaliwa mwaka 1867, wala hakuurudia tena maishani mwake.

Hapa ndipo penye fundisho kuu. Mwasisi wa Msalaba Mwekundu alifilisika kwa aibu, mbele ya mji mzima, miaka mitatu tu baada ya Mkataba kutiwa sahihi. Laiti shirika lingekuwa mali yake, yaani laiti fedha za vyama zingekuwa katika akaunti yake, ofisi ingekuwa nyumba yake na muhuri ungekuwa mfukoni mwake, waliokuwa wakimdai wangelibeba pamoja na viti. Hawakupata cha kubeba. Kamati ilikuwa na mwenyekiti mwingine, kumbukumbu zake ziliandikwa, na vyama vya kila nchi vilikuwa na wakuu wake na hazina zake. Kazi haikusimama, na vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870 vyama hivyo vilikuwepo uwanjani.

Tujiulize basi, ni miradi mingapi hapa kwetu inayoweza kustahimili dhoruba kama hiyo? Ni vituo vingapi vya mayatima ambavyo hati ya kiwanja imeandikwa jina la mwanzilishi? Ni vikundi vingapi ambavyo fedha zake hupitia katika simu ya mtu mmoja? Simsemi mwizi hapa. Mwizi ni kesi ya polisi. Namsema mtu mwema, aliyetoa jasho na mshahara wake, ambaye kwa wema huo huo hakuona haja ya kutenganisha mkoba wake na mkoba wa mradi. Akifariki ghafla, warithi wake hugombea vitanda vya mayatima kama urithi wa baba, na sheria huenda ikawapa haki.

Lakini tusimvike Moynier taji upesi. Kumwondoa mtu katika kamati ni jambo moja. Kumsahau ni jingine. Dunant aliishi Paris katika ufukara wa kutisha. Mwenyewe alisimulia jinsi alivyolipaka koti lake wino ili lionekane jeusi na kuipaka chaki kola ya shati lake ili ionekane nyeupe. Wakati mwingine alilala nje. Alihamahama kutoka mji hadi mji, akitegemea hisani ya marafiki wachache. Wakati huo shirika lilikuwa likikua, na jina lake likafifia katika masimulizi ya asili yake. Hakuna kifungu cha katiba kilichovunjwa. Ila kuna madeni ambayo hayaandikwi katika daftari la hesabu, na Geneva ilikuwa na deni la namna hiyo.

Tena Moynier, mlinzi huyo wa taratibu, alikikalia kiti cha mwenyekiti tangu 1864 hadi alipofariki mwaka 1910, yaani zaidi ya miaka 40. Aliyekataa shirika liwe mali ya mwasisi alikaribia kulifanya mali ya mwenyekiti. Isitoshe, kwa miaka kadhaa alikuwa mwakilishi wa kibalozi mjini Geneva wa Dola Huru ya Kongo, koloni la binafsi la Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ambako Waafrika walikatwa mikono na kuuawa kwa ajili ya mpira. Utaratibu mzuri wa karatasi ungeweza kukaa ofisi moja na jina la utawala ule. Si kila aliye na mafaili safi ana macho ya kuona. Dunant hakuyaona ya Algeria, Moynier hakuyaona ya Kongo.

Dunant alikuja kutulia katika kijiji cha Heiden, mashariki mwa Uswisi, juu ya ziwa Constance. Tangu mwaka 1892 alikaa katika hospitali ya kijiji hicho, chini ya uangalizi wa Daktari Hermann Altherr. Ulimwengu ulidhani alikwisha kufa. Mwaka 1895 mwandishi wa habari Georg Baumberger alimhoji na kuchapisha makala juu yake, na makala hayo yakaenea Ulaya. Barua zikaanza kumiminika. Bertha von Suttner, mpigania amani wa Austria, alimuunga mkono. Mwaka 1901, Tuzo ya Amani ya Nobel ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, aligawana tuzo hiyo na Mfaransa Frédéric Passy. Kamati ya Geneva, baada ya zaidi ya miaka 30, ilimpelekea pongezi.

Fedha za tuzo ziliwekwa katika benki ya Norway ili waliokuwa wakimdai wasizifikie. Mzee huyo hakuzitumia. Aliendelea kuishi chumbani mwake hospitalini, akisumbuliwa na hofu kwamba maadui zake wangali wakimwinda. Zipo siku alizotaka mpishi aonje chakula kwanza. Alifariki tarehe 30 Oktoba 1910, miezi miwili hivi baada ya Moynier kufariki mwezi Agosti mwaka huo huo. Wawili hao hawakupatana hadi kaburini. Dunant alizikwa Zurich bila sherehe, kama alivyotaka. Katika wasia wake aliacha fedha za kugharamia kitanda kimoja cha bure katika hospitali ya Heiden kwa ajili ya maskini wa kijiji hicho, na nyingine akaziachia mashirika ya hisani ya Norway na Uswisi. Mtu aliyeshindwa kuendesha kampuni ya mamilioni alimaliza kwa kuendesha vyema mradi wa kitanda kimoja.

Kamati aliyoiacha ilikuja kupewa Tuzo ya Amani mara tatu, mwaka 1917, 1944 na 1963. Siku aliyozaliwa, tarehe 8 Mei, ndiyo Siku ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu duniani. Hapa Kenya, chama chetu cha Msalaba Mwekundu kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, baada ya kuwa tawi la chama cha Uingereza wakati wa ukoloni. Wanaotukimbilia wakati wa mafuriko, ajali na njaa wanatekeleza pendekezo lililochapishwa katika nakala 1,600 na mfanyabiashara aliyekuwa njiani kuelekea kufilisika.

Tufunze nini, basi, darasani na katika vikundi vyetu? Kwanza, mradi wa hisani unahitaji mlinganiaji na mratibu, na ni nadra sana wawili hao kuwa mtu mmoja. Mwanafunzi mwenye maono asidharau kazi ya katibu anayeandika kumbukumbu, wala mweka hesabu asimwone mwenye maono kuwa mpayukaji. Mlezi wa chama atafute wote wawili na kuwaketisha meza moja, ajue kwamba watagombana, na asiogope ugomvi wao maadamu unahusu kazi.

Pili, mkoba wa mradi na mkoba wa mtu visikutane kamwe, hata mtu huyo awe mwaminifu kiasi gani. Hati ya kiwanja iandikwe jina la wadhamini. Hundi zitiwe sahihi na zaidi ya mmoja. Hesabu zisomwe mbele ya waliochanga, na wenye kuhudumiwa nao wasikie. Bunge letu lilipitisha mwaka 2013 sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, ambayo ilingoja hadi 2024 ndipo ikaanza kutumika. Sheria ni nguzo, lakini haiwezi kuingia katika kila chama cha wanafunzi na kila kikundi cha kina mama. Humo mazoea ndiyo sheria, na mazoea hufunzwa shuleni, tangu pale mtoto anapokabidhiwa shilingi 200 za chama cha mazingira na kutakiwa kuleta stakabadhi.

Tatu, uongozi uwe na mwisho unaojulikana tangu mwanzo. Anayejua kwamba ataondoka baada ya miaka mitatu humfundisha mwingine kazi. Anayedhani atakaa milele huficha funguo. Hili lawahusu waasisi, na lawahusu pia wenyeviti waliokuja baada yao kwa jina la utaratibu.

Nne, na hili ndilo tunalolisahau mara nyingi, shirika lijifunze kuagana na watu wake kwa adabu. Siku mwasisi atakapokosea, au atakapochoka, au atakapopitwa na kazi, avuliwe madaraka bila kuvuliwa utu. Hesabu zikaguliwe, kosa litajwe kwa jina lake, funguo zikabidhiwe, kisha atumwe mtu kwenda kumjulia hali. Geneva ilifanya nusu ya kwanza na kuiacha ya pili kwa zaidi ya miaka 30, na jambo hilo halikutengenezwa na tuzo yoyote. Kamati zetu za shule, zahanati na vituo vya watoto zinaweza kufanya nusu zote mbili. Haihitaji mfadhili.